Kwadi used: ipi ununue, ipi uiache, na ushike wapi kwanza

Huku pwani mtu akienda kununua kwadi, hizi pikipiki za matairi manne, anawasha injini, ikinguruma vizuri anatoa hela. Jamani injini ndo huwa ya mwisho kufa. Zinazoangusha kwadi kwenye ukaguzi ziko chini kule, boljointi (viungo vya duara vinavyoshika gurudumu), beringi za magurudumu, tairodi (vyuma vinavyotoka kwenye usukani kwenda kwenye gurudumu), breki, halafu taa.

Ya kwanza mimi nilinunulia Paje, rangi inang'aa, wiki ya pili natoka mchangani naingia lami usukani unavuta kushoto. Fundi akapiga jeki mbele, akashika tairi juu na chini akalitikisa, likacheza upana wa kidole. Boljointi zimeisha pande zote na beringi kuifungua inatoa maji ya kahawia, chumvi ishakula kila kitu. Niliumia sana maana kipimo chenyewe ni bure, likicheza ukishika juu na chini ni boljointi au beringi, ukishika kushoto na kulia likacheza ni tairodi.

Namba moja kwangu ni Honda Recon, ile TRX250 ya kazi. Cc 229, inapozwa na upepo tu, haina rejeta ya kuvuja, na nyuma inazungushwa na shafti sio cheni. Breki zake ni za dramu mbele na nyuma, kwa hiyo ijaribu kwa mwendo mdogo, ikikamata upande mmoja ujue maji yameingia humo.

Ya pili Yamaha Grizzly 700, cc 686, inavuta matairi yote manne na mlima haiogopi, ila inazungushwa na mkanda na ukichoka utausikia unateleza ukiondoka na mzigo, halafu ina ekseli nne kila moja buti mbili (zile raba zinazofunika viungo vya ekseli), lala chini na tochi uhesabu zote nane, moja ikichanika mchanga unaingia na ekseli hiyo ishakwenda.

Yamaha Raptor 700 naiweka ya tatu, tamu kuendesha lakini ni cheni, na ufukweni cheni na sproketi haziishi muda.

Za mwisho ni zile ndogo za cc 110 zisizo na jina, waya zimeungwa kwa selotepu, na hizo angalia fremu kwenye viungo vya welding kama kuna ufa, hasa kama atapanda mtoto.

Yoyote utakayochukua soma ubavu wa tairi, ukikuta NHS ujue halikutengenezwa kwa barabara kuu. Na upepo wake ni mdogo, nyingi hazifiki hata psi 10, usimwachie fundi wa boda akujazie 30.

Halafu namba ya chesisi ilingane na kadi. Muuzaji akikwambia kadi iko kwa mwenyewe wa zamani, rudi nyumbani na hela yako.