Kubeba soda zako kwenye meli ya kitalii: ilivyonifaa na ilivyonichosha

Kwa wenye haraka, jibu ni hili: inafaa, ilimradi kampuni inaruhusu na wewe ni mnywaji wa kiasi. Kama soda kwako ni kama maji, nunua kifurushi cha soda cha melini (unalipa bei moja, unakunywa upendavyo) uishi kwa amani. Na kama unakunywa kopo moja leo, jingine keshokutwa, usijitese kubeba chochote.

Wengi wanaopanda meli hizi kwa mara ya kwanza wanapigwa na butwaa wakikuta nauli inalipia chakula cha kawaida chote, hata ukirudi kwenye bafe mara sita hakuna atakayekutazama vibaya, lakini soda inaandikiwa bili. Vya bure ni maji, chai, kahawa ya kawaida, chai ya barafu, mara nyingi maji ya limau, na juisi asubuhi. Soda wameiweka kundi moja na bia. Unatoa kadi ya chumba, mhudumu anaipitisha kwenye mashine, na juu ya bei inapandishwa ada ya huduma, ambayo kwenye kampuni kubwa za Marekani ni asilimia 18 au 20. Disney ndio wenye utaratibu tofauti: kwao soda za mezani na za kwenye mashine za sitahani hazina malipo, kwa hiyo anayesafiri nao hana sababu ya kuendelea kusoma.

Kwa wengine, kila kampuni ina sheria zake na hazifanani. Carnival wanaruhusu kila abiria makopo au maboksi 12 ya kinywaji kisicho na kileo, kila moja lisizidi mililita 355, yakiwa hayajafunguliwa, na yawe kwenye begi la mkononi siku ya kupanda tu. Chupa hawataki, hata za maji. Walizipiga marufuku mwaka 2015. Royal Caribbean nao wanataja 12, ila ni kwa chumba, si kwa mtu, na kwao chupa ndogo inapita. Norwegian walifunga mlango kabisa mwaka 2016: si soda, si maji, isipokuwa yale ya mashine za matibabu na mahitaji ya watoto wachanga. Sheria hizi hubadilishwa, kwa hiyo soma za kampuni yako wiki ile unayosafiri, usitegemee za msafiri wa mwaka juzi.

Kwa nini kopo lipite na chupa ikataliwe? Kwa sababu chupa ina kifuniko. Kwa miaka mingi abiria walimwaga maji wakajaza vodka, wakafunga vizuri, na aliyeko kwenye mashine ya ukaguzi hawezi kutofautisha. Kopo likishafunguliwa halifungiki tena. Hiyo ndiyo sababu inayotajwa, pamoja na foleni ya ukaguzi kuwa ndefu kila mtu anapokuja na katoni ya maji. Wala tusidanganyane, baa ni sehemu nono ya mapato ya meli, na kila kinywaji unachokuja nacho ni kimoja ambacho hawatakuuzia.

Meli niliyopanda mimi na mke wangu inafuata utaratibu wa makopo 12 kwa mtu. Malalamiko yangu ya kwanza yako hapa. Nilipopiga simu huduma kwa wateja niliambiwa ni 12 kwa chumba. Masharti ya tiketi yanasema kwa mtu. Nikapiga tena, wa pili akasema hana uhakika, niulize bandarini. Kampuni inayoweza kukuuzia matembezi ya kila bandari kwa dakika mbili inashindwa kujua sheria yake ya soda! Niliyachapisha masharti kwenye karatasi nikayaweka juu ya makopo ndani ya begi, na nakushauri ufanye hivyo, maana bandarini intaneti inasuasua na huwezi kubishana ukiwa unasubiri ukurasa ufunguke.

Sasa uzito. Makopo 12 ni zaidi ya lita nne za kimiminika, na ukijumlisha bati lenyewe unakaribia kilo tano. Wawili ni karibu kilo kumi, na zote ziwe mkononi. Masanduku makubwa unayokabidhi wapagazi nje ya gati yanapitishwa kwenye mashine mbali na macho yako, na likionekana lina vinywaji linazuiwa. Jioni wenzako wanabadilisha nguo kwa ajili ya chakula, wewe uko kwenye foleni ya chumba cha usalama kuomba sanduku lako. Isitoshe, kopo likipasuka katikati ya mashati meupe, ni hasara yako.

Anayefika bandarini kwa ndege ana tatizo la ziada. Kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti kwenye ukaguzi wa abiria katika viwanja vingi vya ndege, kwa hiyo ama uweke makopo kwenye mzigo mkubwa yale kilo zako za mzigo, ama uyanunue baada ya kutua. Nunua baada ya kutua.

Ukaguzi wenyewe wa gatini haukuwa na shida. Begi letu dogo la magurudumu liliingia kwenye mashine, na kwenye kioo niliona safu za miduara iliyopangwa kama mayai kwenye trei. Afisa akasimamisha mkanda, akaniomba nifungue. Akatoa kopo moja, akaligeuza chini juu, akapitisha kidole gumba kwenye kile kibati cha kufungulia kuona kama kimewahi kunyanyuliwa, akalitikisa kidogo karibu na sikio. Akafanya hivyo kwa makopo mawili mengine aliyoyachagua katikati, akahesabu kwa macho, akafunga zipu yeye mwenyewe. Karatasi yangu hakuitazama. Nyuma yetu familia moja ilikuwa na chupa kubwa za lita mbili, na zote zilibaki pale kwenye pipa la plastiki.

Kilichonichosha ni baada ya hapo. Meli nyingi hukupandisha mapema mchana lakini vyumba havifunguliwi mpaka saa saba au saa saba na nusu. Kwa hiyo unakula chakula cha mchana na begi la kilo kumi miguuni, unapanda nalo ngazi kutafuta meza maana lifti zimejaa, na ukienda kuchukua chakula lazima mmoja abaki akililinda. Begi la mgongoni hapa ni adhabu. Chukua la magurudumu.

Chumbani kulikuwa na friji ndogo chini ya meza, na tayari ilikuwa imejazwa vinywaji vya kuuza. Usivitoe mwenyewe. Mwambie mhudumu wa chumba. Wetu alivikagua mbele yetu, akaviondoa vyote, na bili ya mwisho haikuwa na kopo la ajabu. Ila ile friji ni friji kwa jina. Inapoza, haigandishi, na soda iliyolala humo usiku kucha ilitoka na ubaridi wa maji ya mtungi. Dawa yake ni ndoo ya barafu, ambayo mhudumu aliijaza asubuhi na jioni bila malipo tulipoomba. Usizike kopo kwenye barafu tupu isiyo na maji. Mimina maji mpaka nusu ya ndoo kwanza, kwa sababu maji ya barafu yanaligusa kopo pande zote, na robo saa baadaye unashika kitu kinachouma vidole.

Faida kubwa kwangu haikuwa pesa. Ilikuwa kwamba soda iko chumbani saa ninayoitaka. Meli ikiwa kubwa, baa iliyo karibu inaweza kuwa sitaha tano juu, na saa kumi na moja alfajiri hakuna mtu wa kukuhudumia. Mke wangu ni mtu wa kichefuchefu bahari ikichafuka, na soda ya tangawizi aliyokuja nayo ilikuwa pembeni ya kitanda usiku ule meli ilipoanza kuyumba. Sisemi ni dawa. Kwake inatuliza tumbo, na wakati ule nisingependa kuvaa viatu niende kutafuta mhudumu.

Jingine ni uchaguzi. Kampuni ya meli husaini mkataba na mtengenezaji mmoja wa soda, hivyo ukizoea Coca-Cola ukapanda meli ya Pepsi, hakuna utakalofanya. Zisizo na sukari hupatikana aina moja au mbili, na zile ladha zisizo za kawaida sahau.

Kuhusu kifurushi, tulipiga hesabu kabla ya kuondoka. Kwa bei za meli yetu, kinaanza kulipa mtu akinywa soda nne kwa siku, kila siku, zikiwemo siku ambazo meli imetia nanga na wewe uko nchi kavu tangu asubuhi. Pia hakigawanywi: ni cha mtu mmoja, na ukikamatwa unamnyweshea mwenzako unaweza kunyang'anywa. Kwenye meli za Royal Caribbean unapewa kikombe chenye chipu kinachotambuliwa na mashine ya soda, kwa hiyo hata ujanja ni mgumu. Kwa mtoto wa miaka kumi na tatu anayeshinda kwenye bwawa, nitanunua kifurushi bila kufikiri. Kwa sisi wawili, makopo yetu yalitosha na kubaki.

Maji ni habari nyingine, na sielewi wanaobeba katoni zake pale inaporuhusiwa. Meli hutengeneza maji yake kutokana na maji ya bahari, kwa kuyachemsha na kukusanya mvuke au kuyasukuma kwa nguvu kwenye chujio laini linalozuia chumvi, kisha hutiwa klorini. Ya bombani yananyweka. Beba chupa tupu, ujaze.

Jihadhari na bandari za njiani. Ruhusa ya soda ni ya siku ya kwanza. Nilimwona bwana mmoja akirudi na pakiti nzima aliyoinunua mjini, na akaiacha pale kwenye ngazi ya meli baada ya mabishano marefu ambayo hayakumsaidia. Kushuka na soda zako ni sawa: kila tuliposhuka tulitia makopo mawili ya baridi kwenye mkoba tukayanywa ufukweni.

Nyota nne kati ya tano kwa kubeba soda zangu, moja nimeikata kwa yale masaa ya mchana wa kwanza. Huduma kwa wateja ya kampuni napata taabu kuipa hata mbili. Tukisafiri tena tutabeba makopo 12 kwa wote wawili, nusu ya yanayoruhusiwa, na nusu ya hayo yatakuwa ya tangawizi.