Modemu ya Wi-Fi kwa Kompyuta ya Zamani: Nimeijaribu, Haya Ndiyo Niliyoyaona

Habari zenu, karibuni tena. Leo nina kisanduku hiki, kinatosha kiganjani. Ni modemu ya Wi-Fi ya poti ya siriali, ile poti ya zamani inayopitisha data biti moja moja. Ndani kuna chipu ya ESP8266. Kompyuta inajua inapiga simu kama zamani, kumbe mawasiliano yanapita kwenye Wi-Fi.

Hebu tazameni huku nyuma. Hii yenye pini 9 zilizochomoza ndiyo siriali. Ile pana yenye matundu 25 ni ya printa, modemu haikai hapo. Umeme wake unatoka pembeni, kwa kebo ya USB.

Nafungua programu ya terminali, yaani ya kuandikiana na modemu, naandika AT, nabonyeza Enter. Mmeona? OK. Ni amri zilezile za modemu za kampuni ya Hayes za mwaka 1981, ila baada ya ATDT, amri ya kupiga simu, naweka anwani ya seva badala ya namba ya simu. Mimi jambo hili linanifurahisha kila mara.

Sasa hapa tulieni kidogo. Mwanzoni niliweka kasi ya biti 38,400 kwa sekunde, maandishi yakaja yana mapengo: “karibu” ikawa “kaibu”. Nikailaumu modemu, nikabadilisha kebo, wapi! Kumbe chipu ya siriali ya kompyuta hii ni 8250, ambayo haina akiba: inashika baiti moja tu, yaani herufi moja. Kwa kasi ile, baiti mpya inafika kila baada ya maikrosekunde 260 hivi. Prosesa ikichelewa kuichukua, inayofuata inaifuta. Nikashusha hadi 9,600, sasa kuna kama milisekunde moja kati ya baiti na baiti, na hakuna herufi iliyopotea tena. Kama yako ina chipu ya 16550A, hiyo inahifadhi baiti 16, pandisha kasi tu.

Washeni pia RTS/CTS, ishara za kuambiana “tuma” au “subiri”, pande zote mbili. Kebo ya nyaya tatu haifai hapo, ishara hizo hazina pa kupita.

Kasoro? Inashika Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake. Na ukiingia seva kwa telnet, njia ya zamani isiyoficha data, nywila inasafiri wazi, kwa hiyo usitumie ile ya akaunti zako nyingine.

Kwa kompyuta isiyo na kadi ya mtandao, mimi naipendekeza kabisa. Nikimaliza, naandika +++ ili modemu irudi kusikiliza amri, nasubiri sekunde moja, halafu ATH, amri ya kukata simu. Tazameni hiyo taa... imekata.