Adapta ya USB ya siriali: ununue ipi Arusha kama bodi yako inazimika-zimika

Ukimsikia mwanafunzi wa ufundi au fundi sola hapa Arusha akilalamika kauziwa adapta feki ya USB ya siriali (kidude cha kuunganisha kompyuta na bodi ya kielektroniki), muulize kwanza bodi yake inakula umeme kutoka wapi. Mara nyingi adapta ni nzima, ila imebebeshwa mzigo usio wake. ESP32, bodi ndogo yenye Wi-Fi ndani, inawaka vizuri, ikianza tu kutafuta Wi-Fi inazima, inawaka tena, na skrini inajaa herufi zisizosomeka. Tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampea 500, lakini hizo ni za pini ya volti 5. Pini ya volti 3.3 ni habari nyingine kabisa, na ndiyo niliyoitumia, pamoja na bei na hatari ya feki, kupanga orodha hii. Kila adapta naiita kwa jina la chipu yake.

Namba moja ni CP2102. Regyuleta (sehemu inayoshusha volti 5 kuwa 3.3) iliyo ndani ya chipu hii inatoa hadi miliampea 100, ambazo zinatosha bodi ndogo ya 3.3V na sensa moja mbili. Kuilisha ESP32 haiwezi, usijaribu.

CH340G inafuata, kwa sababu ya bei. Kwa bodi ya Arduino ya volti 5 sioni haja ya kulipa zaidi ya hapo. Pini yake ya 3.3V isahau: chipu haikuundwa kulisha kifaa kingine.

FT232RL wengi wangeiweka juu, mimi naiweka ya tatu. Chipu halisi ya FTDI, kampuni ya Uskoti, ni nzuri sana, lakini pini yake ya 3.3V inaishia miliampea 50. Halafu kuna feki. Mwaka 2014 kampuni yenyewe ilitoa draiva (programu ya kuitambulisha chipu kwa kompyuta) iliyozifanya chipu za kuiga zisitambulike tena na kompyuta, na waliolia ni wanunuzi, si walioziiga. Ukiuziwa FT232RL kwa bei ya CH340, unajua umebeba nini.

PL2303 iache dukani. Draiva mpya za Windows zinazikataa chipu zake za zamani, na kwa macho huwezi kujua umepewa toleo gani.

Kabla ya kulipa, pima. Hii ndiyo faida ya kununua mwenyewe mjini badala ya kusubiri kifurushi cha Kariakoo kishuke kwenye basi, maana kukirudisha ni nauli nyingine. Nenda na laptopu, multimita na rezista ya omu 68 (buluu, kijivu, nyeusi). Chomeka adapta, weka rezista kati ya pini ya 3.3V na ya GND (hasi), soma volti. Hapo unavuta karibu miliampea 49. CP2102 au FT232RL nzima itabaki juu ya volti 3.0, ikishuka chini yake, mrudishie muuzaji. Rezista itapata moto kidogo, usiishike muda mrefu. Kwenye CH340G usipoteze muda na kipimo hiki.

Adapta ikiwa na jampa (kiungo kidogo cha kuchagua volti) ya 5V na 3.3V, usiamini maandishi ya ubao. Pima pini ya VCC (ya umeme) na pia TX (ya kutuma data), kwa sababu kwenye moduli nyingine jampa inabadilisha kimoja tu.

Wa inverta za sola: kama tundu la inverta ni RS-232 (siriali ya zamani yenye volti kubwa), hizi zote hazikufai. Volti zake zinapanda na kushuka hadi hasi, zinaweza kuunguza chipu. Nunua adapta ya RS-232 yenyewe.

Na kama mradi wako una SIM800L, moduli ya laini ya simu, ambayo ikirusha mawimbi huvuta hadi ampea 2, hakuna adapta ya kuibeba. Ipe chanzo chake cha volti 3.4 hadi 4.4, unganisha GND ya chanzo hicho na GND ya adapta, na waya wa volti 5 wa adapta uache bila kuunganishwa.