Uchambuzi wa Osmo: Mchezo wa Kishikwambi Unaochezewa Mezani

Wazazi na walezi wenzangu, karibuni. Kilicho mbele yangu leo ni Osmo, seti ya michezo ya kujifunzia iliyoingia sokoni nchini Marekani mwaka 2014, ikiwa ni kazi ya kampuni ya Tangible Play iliyoanzishwa na Pramod Sharma na Jérôme Scholler, wahandisi wawili waliowahi kufanya kazi Google. Ninayoichambua ni seti ya Genius, inayokusudiwa watoto wa miaka 6 hadi 10, na ninachotaka kukijua ni kama fedha tunayotoa inanunua kitu ambacho kishikwambi peke yake hakiwezi kumpa mtoto.

Kishikwambi husimamishwa kwenye kitako chake, kisha kifaa kidogo chekundu chenye kioo ndani huvishwa juu ya kamera ya mbele. Kioo hicho huielekeza kamera mezani, kwa hiyo inachokiona si uso wa mtoto bali mikono yake na vipande anavyovipanga, na programu huvitambua kwa umbo, rangi na alama zake. Vipande vyenyewe havina betri wala waya. Mtazameni mtoto anayecheza: anainua macho kwenye skrini kwa muda mfupi, anayashusha mezani, na huko mezani ndiko anakokaa zaidi. Mimi bidhaa za aina hii huzipima kwa jambo hilo kwanza, kabla ya kutazama rangi za boksi na sifa zilizoandikwa nyuma yake.

Kati ya michezo mitano iliyomo, ule wa tangramu ndio unaonifanya niiheshimu bidhaa hii. Kuna vipande 7 vya mbao vya rangi mbalimbali, yaani pembetatu kubwa mbili, ya kati moja, ndogo mbili, mraba mmoja na msambamba mmoja (umbo la pande nne lililolala upande), na skrini huonyesha umbo ambalo mtoto anatakiwa kuliunda mezani kwa vipande hivyo. Katika ngazi nyepesi anaonyeshwa rangi ya kila kipande na mahali pake. Katika ngazi ngumu anapewa umbo jeusi tupu, basi, ajitafutie. Naomba msogee mtazame hapa. Msambamba huu nimeuweka mahali pake, nimeuzungusha kulia, nimeuzungusha kushoto, na bado ncha zake zinaelekea upande usiotakiwa. Kati ya vipande vyote saba, hiki ndicho pekee ambacho wakati mwingine kukizungusha hakutoshi, mpaka ukiinue na kukigeuza, upande wa chini uwe juu. Mtoto hulivumbua hilo kwa vidole vyake mwenyewe, baada ya kununa kidogo, na miaka kadhaa baadaye mwalimu wa hisabati atakapomfundisha tofauti ya kuzungusha umbo na kuliakisi, atakuwa anaambiwa jambo ambalo mikono yake inalijua tayari.

Najua wapo watakaosema kwamba tangramu ni mchezo wa kale uliotoka China, na kwamba mtu anaweza kukata vipande saba kwenye boksi la kadibodi bila gharama yoyote. Ni kweli kabisa, na ningependa mfanye hivyo hata kabla ya kununua chochote, ili mjue kama mtoto wenu anaupenda. Kinachoongezwa na programu ni mafumbo mengi yanayopanda ngazi kwa ngazi, pamoja na jibu la papo hapo: kipande kikikaa sawa, skrini inamwambia, naye anaendelea bila kumsubiri mtu mzima amalize shughuli za jikoni.

Mchezo wa namba nao umefikiriwa vizuri. Mtoto ana vigae vya tarakimu na vigae vya nukta, na programu hujumlisha vilivyopo mezani. Ikitakiwa 12, anaweza kuweka 7 na 5, au 9 na 3, au 6, 4 na 2, na njia zote ni halali, ilhali mazoezi mengi ya skrini hudai jibu moja katika kisanduku kimoja. Newton, ambapo mtoto huchora mistari kwenye karatasi au huweka hata kijiko mezani ili kuielekeza mipira inayodondoka kwenye skrini, unachangamsha. Masterpiece, wa kuchora, ni wa kupitishia muda.

Penye kasoro kwetu ni mchezo wa maneno. Maneno yake ni ya Kiingereza, na mtoto wa darasa la kwanza anayesoma kwa silabi, ba be bi bo bu, ambaye kwake kila irabu ina sauti moja isiyobadilika, atababaishwa badala ya kusaidiwa. Vigae vyake vya herufi ningevitumia mezani bila programu. Kwa kusoma Kiswahili, afadhali Kitkit School na programu ya onebillion, ambazo zilijaribiwa vijijini mkoani Tanga na mwaka 2019 zikagawana tuzo ya dola milioni 10 ya XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kujifunzia, ingawa hizo ni za kugusa skrini, hazina vipande vya kushika.

Sasa vikwazo. Osmo hufanya kazi na iPad au kishikwambi cha Fire cha Amazon, na kila kimoja kina kitako chake, hivyo someni boksi kabla ya kulipa. Vishikwambi vya kawaida vya Android, ambavyo ndivyo vilivyojaa majumbani mwetu, havimo. Mwenye Android atazame Tacto ya kampuni ya PlayShifu ya India, ambayo vipande vyake huwekwa juu ya skrini yenyewe. Mkono unafanya kazi, ila meza imeondoka. Osmo pia huhitaji mwanga wa kutosha na kuvuliwa kwa kava nene. Intaneti ni ya kupakua michezo tu, si ya kuchezea.

Bei ya seti hii mpya ilikuwa kama dola 100 kabla ya usafiri na ushuru. Kwa familia yenye iPad tayari na watoto wawili watakaopokezana, naiona inastahili. Kununua iPad kwa ajili ya Osmo, hapana. Kampuni ya Byju's ya India, iliyoinunua Osmo mwaka 2019, iliingia katika kesi za ufilisi mwaka 2024, na vipande vya mbao bila programu ni mbao tu. Kwa hiyo, hasa mnaponunua seti iliyotumika, fungueni kwanza duka la programu kwenye kishikwambi chenu, mpakue mchezo wa tangramu, mhakikishe unafunguka, ndipo mtoe fedha.