Windsor na Stonehenge kutoka London: gari lenye mwongozaji au treni?

Gari la binafsi hulipiwa kwa kundi zima, si kwa kichwa. Familia ya watu sita huona nafuu. Wazazi wawili na mtoto mmoja hawaioni. Kwenye treni, walio chini ya miaka 5 hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa nusu. Uliza kama bei ya gari ina viingilio ndani yake, maana mara nyingi haina.

Kwa muda, gari linashinda: kutoka Windsor, penye kasri la kifalme, hadi Stonehenge, mduara wa mawe ya kale, ni kama kilomita 100, na zote mbili zinaingia katika siku moja. Kwa treni chagua moja tu. Kutoka stesheni ya Waterloo, London, Windsor ni karibu saa moja bila kubadilisha. Salisbury, mji ulio karibu na Stonehenge, ni saa moja na nusu, kisha basi hadi kwenye mawe.

Lakini barabara ya A303 hubanwa na foleni karibu na Stonehenge, hasa wikendi za kiangazi. Treni haiijui foleni hiyo.

Aliye chini ya miaka 12 na hajafikia sentimita 135 anahitaji kiti chake garini. Taja umri na kimo unapoagiza, si asubuhi ya safari.

Kwa njia yoyote, kasri la Windsor hufungwa Jumanne na Jumatano, na kanisa la St George's lililo ndani yake halipokei watalii Jumapili.

Mtoto anayelala mchana, au bibi asiyeweza kusimama sana: gari. Vijana wanaopenda kuzurura bila kuangalia saa: treni, na Windsor peke yake.