Ekstenshen tyubu kwa picha za maua na matone ya maji: uzoefu wangu

Kama una kamera ya kubadilisha lenzi na ile lenzi ya kawaida ya milimita 50, alafu unatamani zile picha ambazo chavua ya ua inaonekana punje punje na tone la maji limejaa fremu, kabla hujawaza lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) jaribu kwanza ekstenshen tyubu, pete zinazofungwa kati ya kamera na lenzi. Mimi nazitumia muda sasa na kiukweli nimezipenda sana, ila kuna mambo mtu haambiwi wakati ananunua ndo nataka niyaseme.

Seti yangu ina pete tatu, ya milimita 12, ya 20 na ya 36. Ndani hakuna kioo chochote, ni uwazi mtupu, kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa (kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha), na lenzi ikikaa mbali na sensa inaweza kufokasi kitu kilicho karibu zaidi. Hicho ndo nilichokipenda, maana huongezi kioo kingine chochote kwenye lenzi yako, tofauti na zile filta za kukuza za bei rahisi zinazofungwa mbele, pembeni zinaleta ukungu na mstari wa zambarau kwenye kingo za petali. Hesabu yake nyepesi: urefu wa tyubu gawanya kwa milimita za lenzi (ile 50 iliyoandikwa juu yake, sio urefu wa kupima kwa rula). 36 kwa 50 ni 0.72, jumlisha ukuzaji wa lenzi yenyewe ambao kwa 50 nyingi ni kama 0.15, unapata 0.87 hivi, yaani kitu cha milimita 10 kinakaa kwenye sensa karibu milimita 9. Ukifunga zote tatu unapita kabisa 1:1, yaani pale kitu kinapokaa kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi. Ila tyubu hizo hizo kwenye lenzi ya 200 utaona tofauti ndogo tu, na kwenye lenzi pana kama 24 ndo usijaribu, ua inabidi karibu liguse kioo na kivuli cha lenzi kinalifunika lote.

Nunua zenye pini za umeme!! Lenzi nyingi za siku hizi hazina pete ya kubadilishia apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga), kwahiyo tyubu isiyo na pini inakuachia lenzi ambayo huwezi kuifunga, na kupiga f/1.8, yaani tundu likiwa wazi sana (namba ya f ikipanda tundu linazidi kufungwa), kwa umbali huo ni kupata ncha moja ya stameni, kile kijiti chenye chavua, na vingine vyote moshi.

Mwanga unapungua pia, ukifika 1:1 unaobaki ni robo tu. Kamera inajirekebisha yenyewe ila shata, kile kinachofunguka kuingiza mwanga, inakuwa taratibu, na kaupepo kadogo tu kanatosha kuharibu. Ndo maana mimi napenda asubuhi mapema, upepo umetulia na umande bado upo, stendi ya miguu mitatu chini kabisa, kamera naipa taima ya sekunde 2 ili mkono wangu usiitikise. Oto fokasi naizima, inahangaika mbele nyuma bila kushika. Nafungua skrini, nakuza sehemu ninayotaka, alafu nasogeza kamera nzima taratibu badala ya kuzungusha pete ya lenzi. Kina cha fokasi, yaani unene wa sehemu inayoonekana kali, ukiwa 1:1 kwa f/8 hakifiki hata milimita 1, kwahiyo namna ya kuweka kamera sambamba na petali inasaidia kuliko kufunga apecha mpaka mwisho. F/16 kwa umbali huo picha nzima inaanza kulainika, mimi nabaki f/8 au f/11. Anayetaka ua lote likate, yaani lionekane kali kote, anapiga fremu nyingi akihamisha fokasi kidogo kidogo kisha anaziunganisha kwa programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker, inafanya kazi vizuri sana ila ua lisitikisike hata kidogo.

Sasa matone, hapa ndo utamu wenyewe ulipo. Tone linaloning'inia ni lenzi, ukiweka ua nyuma yake utaliona ndani ya tone likiwa limegeuka juu chini. Watu wengi wanafokasi kwenye ngozi ya tone wanashangaa ua la ndani halikati, na sababu ni kwamba lile ua halipo kwenye ngozi ya tone, taswira yake inajijenga mbele kidogo, upande wa kamera. Kwahiyo nafokasi kwenye lile ua dogo, kingo za tone zikilegea kidogo sijali, na f/11 inazirudisha kiasi. Ua la nyuma naliweka sentimita kadhaa tu na nalilenga lenyewe na mwanga, maana tone linachora kile kilichoangaziwa. Nikitaka liwe limesimama ndani ya tone nalipindua tu ua la nyuma.

Umande usipokuwepo nachanganya maji na gliserini nusu kwa nusu, tone linakaa mviringo na halikauki haraka, naliweka kwa bomba la sindano penye ncha ya jani. Flashi ya moja kwa moja inaacha doa jeupe kali kwenye kila tone, weka karatasi nyeupe katikati ya flashi na tone utaona doa linakuwa laini. Na ukimaliza suuza ua kwa maji safi, gliserini inanata.

Kasoro yake kwa seti yangu ni kuchezacheza pale nikifunga zote tatu na lenzi nzito, kwenye fremu za kuunganisha unaiona kabisa picha imehama. Kwa maua na matone ambayo hayakimbii nazipa nyota nne kwa tano bila kusita, anza na ya 20 ukiwa mgeni, ya 36 itakuchosha. Wa nyuki na vipepeo ajikusanye tu anunue lenzi ya makro ya 100, maana 50 na tyubu inakuweka sentimita chache tu kutoka kwenye mdudu na atakuwa keshaondoka kabla hujafokasi.