Ruta ya nyumbani: soma volti kwanza, antena baadaye

Muuzaji atakuhesabia antena na kukutajia kasi ya “300 Mbps”. Volti hataji, na lawama nyingi huanzia hapo: umeme unakatika sekunde mbili, ruta inazima na kujiwasha upya, mkutano wa mtandaoni unapotea. Kwa umeme wetu wa Tanzania, ruta isiyokubali betri kirahisi ni hasara.

Kwa nyumba yenye faiba, ya kwanza ni MikroTik hAP ac², na sifichi upendeleo. Inapokea volti 12 hadi 30. Adapta yake ni ya 24V, lakini inakubali UPS ndogo ya 12V (kisanduku cha betri kinachoiwasha umeme ukikatika), na hata betri ya sola inayopanda hadi 14.4V ikiwa kwenye chaji haiiunguzi. Matundu yake matano ya waya yote ni ya gigabiti. Menyu zake zinatisha, kweli; achana nazo. Waya kutoka kisanduku cha faiba uingie tundu la kwanza, fungua 192.168.88.1 kwenye kivinjari, ingia Quick Set, chagua nchi, weka nenosiri la Wi-Fi na jingine la ruta yenyewe. Wi-Fi ya 2.4 GHz iweke chaneli 1, 6 au 11, upana 20 MHz. Runinga ihamie Wi-Fi ya 5 GHz. Kama kisanduku cha faiba nacho kinafanya kazi ya ruta, mwambie mtoa huduma akiweke “bridge”, yaani kipitishe intaneti tu na kuiachia ruta yako kazi hiyo, la sivyo kamera ya getini inaweza kukusumbua ukitaka kuiona ukiwa mbali.

Ya pili, TP-Link Archer C6. Nayo ni gigabiti, na unaipanga kwa simu bila jasho. Ila inataka 12V, si zaidi. Usithubutu kuiunga moja kwa moja kwenye betri ya sola.

TP-Link TL-WR840N ni ya chumba kimoja: 2.4 GHz pekee, matundu ya 100 Mbps. Tena kuna matoleo ya 9V na ya 5V kwa jina lilelile. Ukichomeka 9V kwenye ya 5V, umeiua. Soma lebo ya chini.

Sasa hizo UPS ndogo. Zinauzwa “10,000 mAh, saa kumi”, nao ni ulaghai wa hesabu: mAh hizo ni za seli za 3.7V, yaani wati-saa (Wh) 37 tu. Ruta na kisanduku vikila wati 12 kwa pamoja, ukiondoa kinachopotea njiani, unabaki na saa mbili na nusu hivi. Anayekupigia hesabu ya mAh hizo kwa 12V anakuuzia saa ambazo hazimo. Chukua yenye vitoleo viwili, kwa sababu ruta ikiwaka huku kisanduku kimezima hupati intaneti. Angalia pia kichwa cha waya: cha 5.5 × 2.1 mm hakiingii kwenye pini ya 2.5, na cha 2.5 kwenye pini ya 2.1 kinaingia lakini kinacheza, kisha ruta inajizima kila meza ikitikisika. Beba ruta yako dukani ujaribu kichwa hicho kabla hujalipa.